Wasiwasi na Tabibu Wake



Nimeombwa niseme machache juu ya wasiwasi, nami habari hii sikuipata vitabuni tu, maana imenikaa mwilini.

Mwaka 2015, mtaa wetu wa Musaga ulipokuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuingia katika msukosuko, kila mwenye akili alikuwa na hofu. Hofu ile ilikuwa mlinzi wetu: ilitufundisha saa ya kufunga mlango na njia ya kuepuka. Hofu ya namna hiyo haihitaji daktari. Lakini yuko mlinzi ambaye mwizi amekwisha kwenda zake, naye angali apiga kelele usiku kucha. Risasi zilikoma, mimi, gurudumu likipasuka barabarani, nilijikuta chini ya meza. Nikaacha kwenda sokoni, kisha nikaacha sala ya Alfajiri msikitini, nikisingizia baridi. Baridi ya Bujumbura, jamani!

Miezi ikapita hivyo. Mara tatu nilipimwa moyo, nao ulikuwa mzima. Ndipo mke wangu aliponiambia, "Mzee wangu, usinieleze unavyoogopa. Nihesabie ulivyoviacha."

Sijapata kusikia kipimo bora kuliko hicho. Ikiwa usingizi, kazi, ibada na mazungumzo na watoto vyaanza kumtoka mtu kimoja kimoja, na hali hiyo yadumu majuma na miezi, wakati wa kutafuta tabibu umefika. Mwingine moyo humdunda ghafula, pumzi zikambana, akadhani ndiyo mauti, kisha yakapita. Huyo na apimwe mwili kwanza, kwa kuwa upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili kama hizo. Aliyekwisha kutegemea vidonge vya usingizi asingoje. Na anayewaza kujiua apelekwe siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Wako watakaouliza: je, huku si kupungukiwa na imani? Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi. Humo alieleza hofu, huzuni, hasira na wasiwasi, akaonyesha kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, nayo hutibiwa. Hata mafakihi wetu wamjua mtu arudiaye udhu mara kumi. Hawakumsifu kwa uchaji, walimwita mwenye wasiwasi. Dua na kisomo sivikatazi, mimi mwenyewe sikuviacha. Ninachokataa ni mgonjwa kufichwa chumbani mwaka mzima kwa kuogopa maneno ya majirani.

Maneno hayo nayajua. Kituo cha maradhi ya akili cha Kamenge, kilichoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa watu wengi ni jina la kutania: "Huyu apelekwe Kamenge!" Nami nilicheka utani huo miaka mingi, mpaka zamu yangu ilipofika.

Basi mtu hufanywa nini kwa tabibu? Mimi niliulizwa maswali kwa upole, nikasikilizwa. Kisha nikapewa kazi iliyonishangaza: kutembea hadi pembe ya njia, nisimame mpaka moyo utulie, nirudi. Juma la pili, hadi barabara kuu. Hivyo ndivyo hofu ifundishwavyo upya, kidogo kidogo. Wengine hupewa dawa pia; nazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake, wala hazifai kukatizwa ghafula bila shauri la daktari. Wengi huziacha siku ya tano, wakasema hazifai kitu.

Siku niliyofika sokoni nilinunua vitunguu viwili tu, nikarudi mbio, jasho likinitiririka. Mke wangu alivipika vyote viwili.

Aonaye haya kwenda peke yake, awe kituo cha afya cha karibu au Kamenge, anione baada ya sala ya Isha. Nitamsindikiza, na nikitakiwa ningoje nje, nitangoja.