Asili ya Neno "Boycott"

Leo napenda kuwaelezeni habari za neno moja la kitendo katika Kiingereza, nalo ni "boycott". Maneno mengi ya lugha ile ni ya kale mno, lakini mwaka wa kuzaliwa kwa hili wajulikana, nao ni 1880. Tena kwanza lilikuwa jina la mtu.

Mtu huyo ni Kapiteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya Lord Erne katika wilaya ya Mayo, nchi ya Ireland. Wakulima wa huko walilima ardhi ya mabwana na kulipa kodi. Mavuno yalipokuwa mabaya waliomba wapunguziwe robo ya kodi. Hawakukubaliwa, na Boycott akataka kuwafukuza walioshindwa kulipa.

Siku zile kiongozi wao, Charles Parnell, alikuwa amewashauri watu kwamba atwaaye shamba la mwenziwe aliyefukuzwa asiuawe, bali atengwe kama mwenye ukoma. Watu wa Mayo wakamfanyia Boycott vivyo hivyo. Watumishi wakamwacha, mhunzi akakataa kazi yake, wenye maduka wakakataa kumwuzia. Mazao yake yakakaa shambani hata wakaja watu 50 kutoka mbali kuyavuna, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Mavuno ya pauni 500 hivi yakaleta gharama ya pauni 10,000 hivi! Mwezi wa Desemba Boycott akaondoka Ireland.

Kwa Kiswahili twaweza kusema "kususia". Lakini mtoto hususa chakula peke yake. "Boycott" hutaka shauri la wengi, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Wala si kugoma: agomaye huacha kazi, lakini asusiaye huacha kununua, kuuza au kushirikiana.

Wanafunzi, angalieni: neno hili hufuatwa papo hapo na jina la mtu au kitu, bila neno lingine katikati. Husemwa "They boycotted the shop", yaani walilisusia duka.

Silaha hii haina makali, lakini hujeruhi. Kule Mayo wengine walimwacha Boycott si kwa hiari, bali kwa kuwaogopa jirani zao. Hata kijana aliyemletea barua alitishwa. Basi kabla ya kumsusia mtu, na tuulizane kwanza: Amekosa nini? Na je, kila mmoja wetu amekubali kwa moyo wake?