MAEGESHO YA MADUKA MAKUBWA: HAKI NA WAJIBU WA MWENYE GARI

Maneno yaliyosemwa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya wananchi wa Busi, Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma



Bwana Mtendaji wa Kata, wazee wangu, wakwe zangu, walimu, akina mama wa soko, na ninyi madereva mlioacha safari zenu kuja kunisikiliza, nawashukuruni. Mimi ni mtu wa Unguja, lakini nimeoa hapa, na mkwe hualikwa kula, haalikwi kuhutubu. Kwa kuwa mmenitaka niseme, nitasema juu ya jambo lililonifika mwenyewe, ambalo nimegundua kuwa limewafika wengi wenu: malipo ya kuegesha gari katika viwanja vya maduka makubwa ya mjini.

Zamani jambo hili lisingalikuwa na maana hapa. Lakini mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwaka huo huo wa 2018 ilizinduliwa barabara ya lami itokayo Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa. Tangu hapo mtu wa huku huenda Dodoma asubuhi na kurudi jioni. Hupeleka alizeti, kuku na mahindi, na kurudi na saruji, dawa na sare za shule. Huko mjini hukutana na geti, mashine inayotoa kikaratasi, na kijana mwenye koti la kung'aa anayesema, "Mzee, lipa."

Mwaka jana nilimpeleka mama mkwe wangu hospitali ya Dodoma. Tulipokuwa tukirudi, tuliingia katika uwanja wa duka moja kubwa ili ninunue unga wa lishe na sabuni. Mashine ikanipa kikaratasi. Sikukisoma, nikakitia mfukoni mwa kanzu. Mama alibaki garini. Foleni ya kulipia ilikuwa ndefu, na nilipotoka kikaratasi sikukiona. Kijana wa getini akaniarifu kuwa aliyepoteza kikaratasi hulipa malipo ya siku nzima pamoja na faini. Jumla yake ilikuwa mara nyingi zaidi ya ada ya saa moja, na fedha niliyobaki nayo ilikuwa ya dawa tulizoandikiwa.

Wakwe zangu, nasema mbele yenu bila ya kujitetea: nilipandisha sauti. Nilimwita kijana yule mwizi mbele ya watu. Mama akateremsha kioo cha gari, akasema, "Baba, huyu mtoto ametumwa. Muulize aliyemtuma."

Nikanyamaza, kisha nikaomba kuonana na msimamizi. Nilimwuliza mambo mawili tu: sharti hilo limeandikwa wapi, na mtu anayeingia hulisoma akiwa wapi? Tukaenda kulitazama pamoja. Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani, ndani ya kibanda cha kutokea; anayeingia hawezi kuliona hata akiwa na macho ya mwewe. Kamera ya getini ilionyesha saa niliyoingia, na risiti ya duka ilionyesha saa niliyolipia. Msimamizi akakubali nilipe ada ya saa moja. Nililipa, nikapewa risiti, nikamwomba radhi kijana yule. Dawa zikanunuliwa.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuisoma misingi ya jambo hili, nami nawaleteeni niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kutofautisha malipo ya aina mbili. Ukiegesha kando ya barabara ya mji, unatozwa ada ya umma kwa mujibu wa sheria na kanuni. Mwaka 2021 Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza kukusanya ada hiyo kwa mfumo wa kielektroniki, ambapo deni huandikwa kwa namba ya gari na hulipwa kwa kontrol namba. Deni la namna hiyo halifutiki kwa kuondoka wala kwa kuchana karatasi. Litazameni na lilipeni mapema. Na kama limekosewa, lipingeni kwa mamlaka iliyolitoza.

Malipo ya kiwanja cha duka ni jambo jingine. Kiwanja kile ni mali ya mtu au kampuni. Mwenye kiwanja anakuambia: ingia kwa masharti haya. Ukiingia baada ya kuyajua, mmekubaliana, na makubaliano hayo huongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa tungali wadogo kuwa ahadi ni deni, na sheria ya nchi haiko mbali na fundisho hilo. Kwa hiyo asije mtu akaondoka hapa akisema kuwa Afisa amewaambia msilipe. Sikusema hivyo.

Jambo la pili ni kuwa sharti linamfunga mtu likiwa limewekwa wazi kabla hajaingia. Juu ya hili iko kesi mashuhuri iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1970, baina ya Bwana Thornton na kampuni ya maegesho ya Shoe Lane ya London. Bwana Thornton aliumia ndani ya jengo la maegesho. Kampuni ikadai kuwa kikaratasi alichopewa na mashine kilimwelekeza kwenye masharti yaliyobandikwa ndani, yanayosema kuwa kampuni haiwajibiki kwa majeruhi. Majaji walikataa. Mkataba ulikwisha fungwa pale gari lilipofika mbele ya mashine. Sharti lililoonekana baadaye lilikuwa limechelewa. Mahakama zetu hazilazimiki kuufuata uamuzi wa Uingereza, lakini hoja yake inaeleweka na kila aliyewahi kununua ng'ombe mnadani: bei na masharti hutajwa kabla kamba haijabadilisha mkono.

Jambo la tatu ni hiyo inayoitwa faini. Faini ya kweli hutozwa na mahakama, au na mwenye mamlaka aliyopewa na sheria. Kampuni binafsi haina mamlaka hayo kwa kuvaa sare tu. Inachoweza kudai ni fidia kwa kuvunjwa makubaliano. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaeleza kuwa, hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipwa pindi ukivunjwa, anayedai anastahili fidia iliyo ya haki, isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichoandikwa ukutani, basi, ndicho kikomo cha juu; si lazima kiwe ndicho anachostahili.

Hata hivyo, tusimdhulumu mwenye duka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kiwanja kimesakafiwa, kina taa na mlinzi. Wako watu wanaoacha magari yao hapo tangu asubuhi, wakaenda kazini au safarini, na mnunuzi mwenye mtoto mgongoni akakosa nafasi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Bwana Barry Beavis na kampuni ya ParkingEye. Bwana Beavis aliegesha katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford, ambapo saa mbili zilikuwa bure, naye akapitisha dakika 56. Alidaiwa pauni 85, ambazo zingepungua hadi 50 kama angelipa ndani ya siku 14. Alishindwa. Majaji walio wengi walisema kuwa mwenye kiwanja ana haki ya kutaka nafasi zipokezane, na kwamba kiasi kile hakikupita mpaka. Lakini angalieni: uwanja ule ulikuwa na matangazo takriban 20, makubwa na yanayosomeka. Kampuni ilishinda kwa kuwa ilikuwa imesema mapema na kwa sauti.

Jambo la nne ni kufungwa mnyororo gurudumuni. Huko Scotland, mwaka 1992 mahakama iliamua kuwa kufunga gurudumu la gari katika ardhi binafsi ili kumlazimisha mtu alipe ni kosa la jinai. Huko England na Wales, Sheria ya mwaka 2012 iliharamisha vitendo hivyo katika ardhi binafsi, baada ya malalamiko ya miaka mingi. Hapa kwetu, ukifungiwa gari katika kiwanja cha duka, uliza kwa adabu: ni sheria ipi, au ni sharti lipi nililolikubali, linalokupa ruhusa ya kuzuia mali yangu? Andika jibu na jina la aliyelitoa. Lakini usivunje kufuli. Ukivunja, wewe ndiwe utakayekuwa mshitakiwa, na hoja yako njema itakuwa imezikwa chini ya kosa lako.

Sasa nawapa utaratibu, nanyi wapeni wasiokuwapo.

Kwanza, simama kabla ya geti, usome. Kama husomi, muulize mlinzi: saa ngapi ni bure, kila saa ni kiasi gani, na nikipoteza kikaratasi itakuwaje?

Pili, kikaratasi kiwe na mahali pamoja pa kukaa. Mwenye simu yenye kamera akipige picha, na alipige picha tangazo.

Tatu, hifadhi risiti ya duka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na unapolipia maegesho, dai risiti halali ya mashine. Kudai risiti ni wajibu wako kwa sheria za kodi, na ndiyo ushahidi wako.

Nne, ukitofautiana nao, muone msimamizi, usipigane na kijana wa getini. Kama una haraka ya mgonjwa au ya mazishi, lipa, lakini andika juu ya risiti kuwa umelipa kwa kupinga; kisha peleka barua kwa mwenye duka, ubaki na nakala.

Tano, usipojibiwa, iko Tume ya Ushindani iliyoanzishwa chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji dhidi ya upotoshaji. Iko pia Mahakama ya Mwanzo kwa madai madogo, na wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi fedha. Ndugu zangu wa Visiwani watakaoyasoma haya wakumbuke kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mikataba na Tume yake ya ushindani. Waelekeze malalamiko yao huko.

Kwa wenye maduka nina ombi moja. Wekeni tangazo lenu mlangoni pa kuingilia, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Haifai geti la duka libaki nyuma ya mahakama. Na mumpe kijana wa getini ruhusa ya kutumia busara pale anapoona mgonjwa ndani ya gari. Yeye ndiye anayetukanwa kwa masharti asiyoyaandika.

Wazee wangu, shilingi chache za maegesho si mali ya kumtajirisha mtu wala ya kumfilisi. Lakini mtu atokaye hapa na fedha iliyohesabiwa, hii ya mbolea, hii ya ada ya mtoto, hii ya dawa, hana fungu la kupoteza getini. Ajue anachodaiwa kwa haki, akilipe. Asichodaiwa kwa haki, akikatae kwa utulivu na kwa maandishi.

Mama mkwe wangu yupo hapa leo, amekaa pale mbele, na afya yake ni njema, Alhamdulillah. Haya niliyoyasema kwa maneno mengi, yeye aliyasema kwa machache kupitia dirisha la gari.