Benki Hulipia Karatasi, Hailipii Mchele

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya shauri lililoletwa mbele ya tawi, nalo ni kwamba wenye maduka miongoni mwetu tuchange fedha, tuandikishe kampuni, na tuagize mchele wetu wenyewe kutoka Karachi badala ya kuununua kwa mafungu kwa matajiri wa mjini. Shauri ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini katika fedha hiyo imo ya wajane na mayatima, wala haifai ivuke bahari kabla hatujajua itavuka kwa sheria gani.

Jambo la kwanza liwapotezalo wengi ni herufi tatu. Muuzaji hutuandikia bei, kisha akaandika mbele yake CIF Zanzibar. Msomaji huliona jina la Zanzibar akatulia, akidhani kwamba mpaka magunia yateremke Malindi jukumu li juu ya muuzaji. Sivyo hata kidogo. Herufi hizo zina tafsiri yake, iliyotungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1936, na ya karibuni ni ile iitwayo Incoterms 2020, yenye istilahi 11. Kwa CIF muuzaji hulipa nauli ya meli na bima hadi bandari iliyotajwa, lakini hatari humwondokea pale pale Karachi, mzigo ukisha kuwekwa melini. Ukirowa baharini, umerowa ukiwa ni wetu.

Mtu atasema: si bima ipo? Ipo, ila CIF humlazimisha muuzaji kukata bima ya kiasi cha chini kabisa, ile ijulikanayo kwa herufi C. Bima hiyo hulipa meli ikizama, ikipanda mwamba, ikigongana au ikishika moto. Maji ya bahari yakipenya ngamani pasi na msiba wa namna hiyo, hailipi. Wala mwizi hailipii. Kwa mchele, ambao adui yake mkubwa ni maji, huo ni mwavuli wenye matundu. Yatupasa tudai bima ya herufi A, na gharama yake tuijue mapema. Au tutake bei ya DAP, ambayo humwachia muuzaji hatari mpaka mzigo ufike mahali palipotajwa. Hapana shaka atapandisha bei, na hapo ndipo penye mazungumzo.

Sasa tuje kwenye malipo. Muuzaji hatujui, nasi hatumjui, kwa hivyo benki huingia kati kwa barua ya dhamana, ndiyo hiyo LC. Benki huahidi kumlipa akileta karatasi zilizotajwa: ankara, hati ya shehena iliyotiwa sahihi kwa niaba ya wenye meli, hati ya bima na kadhalika. Wengi huamini kwamba benki itautazama mchele. Haitautazama. Kwa kanuni zifuatwazo na benki duniani, ziitwazo UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 2007, kazi ya benki ni hati na si bidhaa, na hupewa siku tano za kazi, si zaidi, za kuzikagua.

Mambo haya yamekwisha fika mahakamani. Mwaka 1941 huko New York mnunuzi mmoja alishitaki kwamba aliagiza kutoka India makasha 50 ya nywele ngumu za kutengenezea burashi, na muuzaji akayajaza nywele za ng'ombe na takataka, kisha akapeleka hati zisizo na kasoro kwa macho. Hakimu, akichukulia kwamba madai hayo ni ya kweli, alikataa kuifuta kesi, akaona kuwa benki yaweza kuzuiwa isilipe pale hadaa ni ya muuzaji mwenyewe. Kesi hiyo, iitwayo Sztejn, hutajwa hata leo.

Lakini mlango huo ni mwembamba. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 1982 na Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, mitambo iliyokwenda Peru ilitakiwa iwe imepakiwa ifikapo tarehe 15 Disemba 1976. Ikapakiwa tarehe 16, na karani wa wakala wa upakiaji akaandika 15. Muuzaji hakuujua uongo huo. Ikahukumiwa kwamba udanganyifu wa mtu mwingine, asioujua muuzaji, hauipi benki sababu ya kukataa kulipa.

Basi ulinzi wetu tuuandike ndani ya LC yenyewe, tangu siku ya kuifungua. Tutaje cheti cha mkaguzi asiye na upande, atakayepima mchele Karachi kabla haujapakiwa: aina yake, unyevu, punje zilizovunjika na uzito. Cheti kikikosekana, benki hailipi. Tusipokitaja, hatuna haki ya kukidai baadaye. Waliosoma chuoni wajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya kuandikiana deni, nasi twastaajabu kumwona mfanyabiashara aliyeihifadhi akinunua shehena kwa maneno ya simu.

Limebaki la ugomvi. Mikataba mingi husema utakatwa na wasuluhishi wa London. Tanzania iliingia katika Mkataba wa New York wa 1958 mwaka 1964, na Pakistan ikauridhia mwaka 2005, kwa hivyo uamuzi wa London waweza kutufuata hadi hapa, na kumfuata yeye hadi kwao. Sheria hiyo si mbaya. Kibaya ni nauli ya ndege na ujira wa mawakili, ambao kwa kampuni changa waweza kuzidi thamani ya mchele wenyewe. Twapendekeza Nairobi, ambako kuna kituo cha usuluhishi wa kimataifa kilichoundwa kwa sheria ya 2013.

Rasimu ya mkataba iko kwa katibu wa tawi. Kifungu cha tisa ndicho cha London. Ajuaye Kiingereza na amsomee mwenzake kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo itapigwa kura ya kuchanga au kutochanga.