UPEPO WA BARIDI KABLA YA MVUA
(Maongezi na wakazi wa kambi, mkoa wa Kigoma)



Wengi wenu mmetoka Kongo na Burundi, na mvua za huku si ngeni kwenu. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hufika Kigoma ukiwa mkavu, ndiyo maana tunakula vumbi. Ikifika Oktoba upepo huo hulegea, na hewa yenye unyevu kutoka upande wa misitu ya Kongo husogea huku. Hewa hizo mbili zikikutana hazichanganyiki upesi. Iliyo nyepesi hupandishwa juu, hupoa, na kufanya mawingu ya mvua.

Sasa sikilizeni hili. Mmeona joto la mchana linavyokatika ghafla, upepo wa baridi unavuma, na tone bado halijaanguka? Upepo huo umetoka ndani ya wingu. Mvua ikianguka huko hupoza hewa. Hewa ikipoa huwa nzito, huporomoka hadi chini na kutawanyika mbele ya mvua. Huo ndio unaong'oa maturubai, kuliko mvua yenyewe.

Mkiusikia, mna dakika chache tu. Zimeni moto wa kupikia kwanza, maana cheche moja kwenye paa la nyasi huunguza na nyumba ya jirani. Ondokeni chini ya miembe. Radi huweza kupiga kabla ya tone la kwanza, na hema haliizuii. Kama jengo la matofali liko karibu, ingieni humo na watoto. Kamba za turubai zikazwe asubuhi, si upepo ukishafika.