Safari ya Bagamoyo



Mwaka jana nilitoka Mbagala na watoto kwenda Bagamoyo kumwamkia shangazi. Akatupeleka Kaole, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya nguzo, ambazo zamani zilipachikwa mabakuli ya Kichina. Penye kaburi la Sharifa, ambako watu bado huomba dua, akaniambia, "Mwanangu, warehemu wazee wako, mmoja mmoja kwa jina." Nikataja wawili, nikakwama. Mimi, msomi wenu! Watoto wananitazama. Shangazi akataja saba.

Usiku tukaenda kutazama ngoma na maigizo kwenye Taasisi ya Sanaa, iliyoanza kama chuo mwaka 1981. Watoto walifurahi sana. Mimi sikushika mengi. Nilikuwa nakariri majina.