Peasi la Williams

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kuwaeleza habari za tunda la nchi za baridi liitwalo peasi. Msilidhani kuwa ni parachichi. Peasi ni jamaa ya tofaa, nene chini na jembamba juu mithili ya kibuyu, na hata milimani kwetu Lushoto hupandwa.

Aina zake ni nyingi. Tumechagua moja ya zamani, iliyoota Aldermaston, katika Uingereza, yapata mwaka 1770, bustanini mwa mwalimu wa shule. Mwuza miche aitwaye Williams akaieneza, ikachukua jina lake. Mwishoni mwa karne hiyo ya 18 ilivushwa bahari kwenda Marekani, na jina likapotea njiani. Bwana Enoch Bartlett alinunua shamba lenye miti hiyo karibu na Boston, asijue yaitwaje, akaieneza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1828 ndipo ilipotambulikana kuwa Bartlett na Williams ni tunda moja; lakini Wamarekani hulishika jina walilolizoea hata leo.

Nyama yake ni nyeupe na laini, yenye maji tele hata kumlowesha mlaji kidevu, na harufu yake hujaza chumba. Ila tunda hili lina hila. Mwenye kulingoja liive mtini atapata hasara, maana huanza kuiva ndani, karibu na kokwa. Ngozi yaonekana njema, kumbe moyo umekwisha kuoza, na nyama imekuwa na chengachenga kama mchanga.

Basi sharti lichumwe lingali gumu na kijani. Lishike kwa kiganja, uliinue taratibu mpaka lilale ubavu. Kikonyo kikiachana na tawi bila kuvutwa, wakati umewadia. Kisha liwekwe ndani, kama tuvundikavyo ndizi. Tena ukiliweka pamoja na ndizi mbivu litaiva upesi zaidi, kwa ajili ya hewa itokayo katika ndizi. Likigeuka manjano, usilibonyeze tumbo, bonyeza shingo karibu na kikonyo. Ikibonyea, lile siku hiyo hiyo, usiliahirishe.

Nao watakao kupanda wasitumie mbegu. Mbegu itatoa mpeasi, bali hautakuwa Williams. Hukatwa kijiti cha mti wenyewe, kikaunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Na hivyo ndivyo ilivyopatikana miti yote ya Williams duniani, kijiti kwa kijiti, tangu ule mmoja wa mwalimu.