Mawe ya Pangani na Mabati ya Mkonge: Mhadhara juu ya Majengo Yaliyoachwa katika Mashamba na Miji Midogo ya Tanga



Mkoa wa Tanga, ukiuondoa mji wa Tanga wenyewe, ni nchi ya mashamba na miji midogo, na mtu atokaye Pangani kwenye mlango wa mto, akapanda bara kwa njia ya Muheza, Hale na Korogwe mpaka Mombo, hukutana na majengo ya namna mbili yaliyoachwa. Kwanza hukutana na nyumba za mawe na chokaa, ambazo baadhi yake zingali na milango ya nakshi ilhali dari zake zimekwisha kuporomoka. Kisha, baina ya safu za mkonge, hukutana na viwanda vya chuma na mabati, na kando yake kambi za wafanyakazi zilizobaki nusu tupu. Za kwanza husifiwa na kupigwa picha, na za pili huhesabiwa kuwa chuma chakavu tu. Mimi nadai kwamba hizo mbili ni habari moja, na kwamba kuzitenga kunatupotezea ile sehemu ya urithi wetu iliyojengwa kwa jasho la watu wengi zaidi.

Kabla ya kuja kwa reli, Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe, na katika karne ya 19 matajiri wa pwani walilima miwa kandokando ya mto, wakaikamua na kuipika sukari kwa mikono ya watumwa. Miongoni mwa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888, akanyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Haikupita hata miaka mitano, mwaka 1893, mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida ipitie Hamburg. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto huo huo. Basi aliyeishi Pangani na kuona vinu vya miwa vikizunguka akiwa kijana, aliweza kuuona mkonge ukipandwa kabla hajazeeka. Mto ulikuwa ule ule, na matajiri waliendelea kutafuta kwa juhudi ile ile watu wa kuwafanyia kazi.

Wengi huuliza kwa nini viwanda vikubwa hivyo vilijengwa porini, mbali na mji na bandari. Jawabu limo ndani ya jani lenyewe. Katika uzito wa jani la mkonge, uzi haupiti sehemu tatu au nne kwa mia; kilichobaki ni maji na makapi. Zaidi ya hayo, jani likisha kukatwa halistahimili kukaa siku nyingi, kwani hukauka na uzi wake ukawa mgumu kutoka. Ndiyo sababu kila shamba lilihitaji mashine yake, ambayo wafanyakazi waliizoea kwa jina la korona, na mashine ikahitaji maji mengi ya kuoshea, reli nyembamba ya kuletea matita ya majani kwa toroli, uwanja mpana wa kuanikia nyuzi juani, nyumba ya brashi, na ghala ya marobota. Mahali penye vitu hivyo hapakosi watu, nao watu hawakosi nyumba, duka, zahanati, msikiti, kanisa na makaburi. Kwa hiyo lile tuliitalo leo kiwanda kilichoachwa lilikuwa, kwa hakika, mji mzima uliopangwa kulizunguka jani moja. Hata umeme wa maporomoko ya Pangani, uliowashwa katika miaka ya 1930, ulipata katika mashamba ya mkonge sababu kubwa ya kuwapo kwake, na katika kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Ngomeni, wataalamu walizalisha mkonge chotara nambari 11648, ambao umepandwa mpaka Uchina.

Waliozijaza kambi za mashamba hayo walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Walitoka Kigoma na Ubena, walitoka Rwanda na Burundi, walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaajiri na kuwasafirisha, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Wengine walirejea kwao mkataba ulipokwisha, na wengine walioa, wakazaa, wakafa huku. Mjukuu wa mtu wa Burundi aliyezaliwa Muheza hana kaburi jingine la babu yake la kulizuru ila lile lililo nyuma ya kambi. Napenda nilitamke hili waziwazi, kwa kuwa kila tusemapo kwamba mahali fulani ni patupu, aghalabu huwa hatujauliza ni nani bado anapategemea.

Habari ya kuanguka kwa mkonge ni fupi na mnaijua. Vita vya Korea vilipandisha bei yake kupita kiasi. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikachukua nafasi ya kamba za mkonge katika kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1967 Serikali iliyatwaa mashamba mengi wakati bei ilikuwa imekwisha kudidimia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifikia sehemu ya kumi hivi ya yale ya kale. Kuna mashamba yaliyosimama tena, alhamdulillahi, lakini korona nyingi zilizonyamaza wakati ule hazikurudi kazini.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyakinga bila ya kungoja tangazo majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mkonge, kama nilivyosema, uliingia mwaka 1893. Kwa tofauti ya miaka 30 tu, hakuna hata korona moja, wala kambi moja, wala stesheni moja ya reli ya Tanga inayoingia katika kinga hiyo kwa haki yake yenyewe. Kila moja yahitaji waziri aitangaze peke yake, nalo jambo lisiloombwa na mtu halitangazwi. Siwalaumu waliotunga sheria hiyo, maana mwaka 1964 korona zilikuwa zikinguruma na hapana aliyedhani kwamba zitakuwa mambo ya kale. Lakini lililokuwa halali kusahauliwa na wao si halali kusahauliwa na sisi.

Majengo haya hufa kwa njia mbalimbali. Nyumba ya mawe ya Pangani huanza kufa juu yake, yaani kwenye paa. Boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba, zikisha kulowa huoza vichwani mwake ndani ya ukuta. Dari ikaanguka, mvua ikaingia katika chokaa, na mizizi ya miti ikafuata unyevu huo. Anayekuja kuitengeneza kwa saruji, kwa nia njema kabisa, huongeza maradhi, kwani saruji huyafungia maji na chumvi ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa. Nyuma ya paa kuna mirathi: nyumba iliyokuwa ya mtu mmoja imegawanyika katika vizazi vitatu hata imekuwa ya watu 40, huyu yuko Maskati, yule Mombasa, wengine Dar es Salaam, na hapana mwenye fungu kubwa la kutosha kumfanya anunue boriti moja. Korona haina mirathi. Ina hati miliki iliyopita mkono kwa mkono, na kila mkono ulipopita kitu kiling'olewa: injini, kisha toroli, kisha reli, mwisho mabati.

Lipo la kufanya, nalo si kugeuza kila gofu kuwa makumbusho, kwa sababu wilaya ya mashamba haiwezi kulisha makumbusho hata matatu. Babu zetu wa pwani walikuwa na wakfu, mpango ambao duka au minazi iliwekwa daima ili pato lake litengeneze msikiti, kisima au nyumba ya aila. Naona insafu tuufufue mpango huo katika sura mpya. Shamba la mkonge linalopata faida lifungiwe, kwa mkataba wake wa ardhi, ekari chache ambazo pato lake ni la kutunza paa la korona ya kale na makaburi ya kambi. Na warithi wa nyumba za Pangani wakubaliane kumpa mpangaji nyumba kwa miaka mingi bila ya kodi, maadamu anaitengeneza kwa chokaa na boriti. Ghala ya marobota yaweza kuwa karakana ya wasusi wa kamba, au shule ya ufundi, au soko lenye kivuli. Na wanaoishi kambini waulizwe kwanza kabla ya mgeni yeyote, wala wasiondolewe katika vyumba walimozaliwa kwa kisingizio cha kuvihifadhi.

Ombi langu kwa chuo hiki ni dogo kuliko hayo yote. Wanafunzi wa historia, wa ujenzi na wa sheria watumwe pamoja katika kiangazi, kabla ya masika, wafuate njia niliyoitaja toka Pangani hadi Mombo. Waanze na wazee waliokata mkonge na kuendesha korona kabla ya 1967, ambao sasa wamepita miaka 75. Waandike majina ya sehemu za mashine, nyimbo za kambini, na mahali makaburi yalipo. Wakishatoka kwa wazee waende kwenye ofisi za mashamba, wakatafute daftari za mishahara zilizobaki kabla mchwa hawajazimaliza. Kupima kuta kuje baada ya hapo, na ramani zote mbili, ya mji wa mawe na ya mashamba, zichorwe katika karatasi moja.